Fundi Anajibu: Subaru imegonga ukingo kwa ubavu, tairi ya nyuma imelala

SWALI: Habari za kazi mkuu. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, sedani, ile ya namba ya bodi GDA. Juzi usiku kulikuwa na manyunyu, naingia kipilefti nimekolea kidogo, mkia ukanitoka na tairi ya nyuma kushoto ikaenda kupiga ukingo wa zege kwa ubavu. Tairi haikupasuka, rimu imemegeka mdomo tu, nikajikongoja nayo hadi home. Asubuhi naiangalia kwa nyuma naona tairi ya kushoto imelala, chini imeingia ndani juu imetoka nje, alafu hata kwenye barabara iliyonyooka lazima usukani nikate kushoto kidogo ndo gari iende mbele. Nikikanyaga mafuta mkia unacheza. Fundi wa kwanza kaniambia ni alaimenti tu. Wa pili kasema amu imepinda, ataitoa aipige gesi ainyooshe, kazi ya nusu siku. Wa tatu kanipa bei ya kubadilisha nyuma yote, nikamwambia kwa bei hiyo bora nikuuzie gari. Nimsikilize nani? (Mdau wa Tegeta, Dar es Salaam)

JIBU: Pole sana kaka, na kwanza kabisa hiyo gari ipaki. Kati ya hao watatu kwa sasa usimsikilize yeyote, sio kwamba hawajui kazi, ila kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyepima kitu, wote wamechungulia chini wakatoa hukumu. Na ukitaka kuihamisha kwenda gereji ita brekidauni ya kubeba gari nzima mgongoni, usikubali ile ya kuning'iniza pua huku matairi ya nyuma yanaburuzwa lami, hiyo Subaru inavuta matairi yote manne na ukiiburuza hivyo unaweza kuua kiunganishi cha katikati kwenye gia boksi (kile kinachogawa nguvu mbele na nyuma), ukawa umetoka kwenye tatizo la amu umeingia kwenye tatizo la gia boksi.

Sasa tuelewane nyuma ya hiyo gari imefungwaje, manake usipoelewa hapa kila fundi atakuuzia anachotaka. Kila upande una shokapu yenye springi, chini yake imefungwa kwa bolti mbili kwenye nako, na nako ndo imebeba beringi na habu, yaani kile kitovu rimu inapofungwa. Kisha nako inashikwa na amu tatu, yaani mikono ya chuma. Mbili ni za pembeni, zinatoka kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma inayokatiza chini katikati ya gari, kwenda kwenye tairi, moja iko mbele ya shafti inayozungusha tairi, moja nyuma ya shafti. Ya tatu ni treling amu, inatoka kwenye bodi upande wa mbele kurudi kwenye nako, kazi yake kuzuia tairi isisogee mbele na nyuma. Basi. Hakuna amu ya juu kwenye GDA, shokapu yenyewe ndo inashika juu, hizo za amu ya juu zilianza na Impreza mpya ya 2007 kuja huku.

Watu wananiuliza sana, iweje gari iliyoshinda Safari Rally, Colin McRae kaichukua na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akarudia 2000, ipindishwe na ukingo wa kipilefti? (Tuweke kando kwamba gari ya rali ina amu zake maalumu.) Ni kwamba suspensheni imejengwa kupokea kipigo cha kutoka chini kwenda juu, shimo, tuta, jiwe, hapo springi na shokapu zinakula ile nguvu. Ukipiga kwa ubavu springi haina kazi yoyote, nguvu yote inapita kwenye rimu, habu, nako, alafu inazisukuma zile amu mbili za pembeni kuelekea ndani, na amu ndefu nyembamba ikisukumwa kwa urefu wake hivyo inajikunja. Tena bora ijikunje, manake isipojikunja yenyewe inayofuata ni krosimemba, na baada ya krosimemba ni bodi.

Dalili zako mbili zinaongea vizuri sana. Chini kuingia ndani maana yake amu za pembeni zimefupika, moja au zote mbili. Usukani kukaa kushoto maana yake tairi ya nyuma kushoto haitazami mbele, inatazama nje kushoto, kwa hiyo ekseli yote ya nyuma inasukuma upande na wewe unairekebisha kwa usukani bila kujua. Na tairi ya nyuma kushoto ikitazama nje, inaelekea amu ya nyuma ya shafti imefupika kuliko ya mbele. Ndo maana mkia unacheza ukikanyaga mafuta, gari yoyote yenye tairi ya nyuma inayotazama nje haina utulivu, na kwenye mvua itakutupa tena, safari hii labda sio kwenye ukingo.

Lakini hayo ni makisio, tupime. Vifaa ni kamba nyembamba, rula, timazi la fundi ujenzi na stendi nne. Paki sehemu ya sakafu iliyo sawa, usukani katikati, upepo wa matairi uwe sawa, alafu lisukume gari mbele nyuma kidogo ili suspensheni ikae. Timazi lining'inie usawa wa katikati ya rimu, usipime kwenye mpira pima kwenye mdomo wa rimu, juu na chini, na kama mdomo umemegeka hapo zungusha tairi upate sehemu nzima. Kwa rimu ya inchi 17 tofauti ya kama milimita 8 kati ya juu na chini ni digrii moja ya kemba. Kemba ni ule mlalo ukiitazama tairi kwa nyuma. Kiwandani nyuma ya GDA juu inaingia ndani kwa digrii moja na ushee, kwa hiyo ukiona kulia juu imeingia ndani na kushoto juu imetoka nje, jumlisha zote mbili ndo ujue umepotea kiasi gani.

Kamba nayo funga kwenye stendi ubavuni mwa gari, usawa wa katikati ya tairi, kushoto na kulia, hakikisha kamba mbili ziko sambamba kabisa, alafu pima kutoka kamba hadi mdomo wa rimu mbele na nyuma ya kila tairi. Hiyo inakupa tou, yaani tairi inatazama wapi ukiitazama kutoka juu. Nyuma inatakiwa iwe karibu na sifuri. Pima pia umbali wa kati ya tairi ya mbele na ya nyuma kila upande, katikati ya habu hadi katikati ya habu. Kama kushoto ni fupi kuliko kulia basi treling amu nayo imekula, au pale inapofungwa kwenye bodi pamejikunja.

Alafu kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka na ndo kinachookoa hela. Chukua vidole au kipande cha mbao, angalia nafasi kati ya tairi na shokapu, kushoto na kulia. Kwenye hii gari nako imefungwa moja kwa moja kwenye shokapu, kwa hiyo amu zikipinda shokapu na tairi zinalala pamoja na ile nafasi haibadiliki. Kama nafasi ni ileile pande zote mbili na tairi imelala, basi wizi uko kwenye amu au krosimemba. Kama nafasi imebadilika, basi kilichopinda ni mwili wa shokapu, nako, habu au rimu, na ukibadilisha amu peke yake utakuwa umetupa hela. Imebaki fimbo ya shokapu, hiyo inaweza kupinda bila nafasi kubadilika, kwa hiyo legeza nati ya juu kidogo (usiitoe, springi itakuua) uizungushe fimbo taratibu, kama tairi inacheza mlalo fimbo inavyozunguka basi imepinda.

Rimu na habu utazitenganisha kirahisi. Inua nyuma yote kwa stendi, gia iwe nyutro, henbreki chini, zungusha tairi kwa mkono huku umeshika kipande cha waya kimekaribia mdomo wa rimu. Ikiyumba, hamishia hiyo rimu upande wa kulia. Kuyumba kukihamia kulia, ni rimu. Kukibaki kushoto na rimu nzima, ni habu. Na hiyo rimu iliyomegeka itoe tairi uichunguze kwa ndani, upande usioonekana, ufa wa rimu ya aluminiamu mara nyingi unaanzia huko. Yenye ufa usiichomelee, itupe.

Baada ya hapo ndo unashika spana. Toa amu mbili za pembeni za kushoto, zilaze mezani pamoja na za kulia au mpya, zilinganishe urefu kutoka tundu hadi tundu. Za kulia zinafaa kama rula kwa kuwa pande zote mbili zinafanana. Ukiona hata milimita tatu za tofauti hiyo imekwisha, inabadilishwa, haipigwi gesi kunyooshwa kama alivyotaka fundi wako wa pili. Kabla hujatoa chochote piga alama kwa patasi kwenye ile bolti ya ndani ya amu ya nyuma, ile yenye sahani iliyopigwa mistari, ni bolti yenye kichwa kisichokaa katikati na ndiyo inayorekebisha tou. Hiyo bolti ndo fundi wako wa kwanza alitaka kuitumia. Angeizungusha hadi mwisho, mashine ya alaimenti ingeonyesha kijani kwenye tou, usukani ungenyooka, ungelipa ukaondoka, na amu iliyopinda ingebaki palepale chini ya gari. Kemba isingerudi pia, manake nyuma ya GDA kiwandani hawakuweka kirekebisho cha kemba, kwa hiyo kemba ikikataa ni gari inakwambia kuna kitu kimepinda. Mtu akitaka kukufungia bolti za kemba za dukani kwenye gari iliyogonga mwambie asubiri, zile ni za kurekebisha gari nzima, sio za kufunika ajali.

Fundi wa tatu ana haki yake kidogo, kuna vitu utabadilisha hata kama vinaonekana vizima. Bolti na nati zote utakazozitoa pale, nunua mpya. Beringi kama inavuma ukiizungusha kwa mkono umeweka kiganja kwenye springi, badilisha, na hata kama haivumi leo weka akilini, kipigo cha ubavu kinaacha alama kwenye njia ya gololi na mlio unaanza wiki kadhaa baadaye. Angalia shafti, tairi iliposukumwa ndani na shafti ilisukumwa ndani kuelekea kwenye difu, kwa hiyo chungulia oili sili ya difu kama inavuja na buti za mpira kama zimechanika. Waya wa sensa ya ABS ufuate mpaka mwisho. Stabilaiza linki bei yake ndogo, weka mpya.

Krosimemba sasa. Amu mpya zikiingia na kemba bado mbovu, pima kutoka tundu za amu kushoto hadi sehemu isiyobadilika ya bodi, kisha kulia vivyo hivyo, hata mchoro huhitaji, unalinganisha pande mbili. Krosimemba ikipinda inabadilishwa na iliyotumika, ni bolti tu, ila hapo andaa siku nzima.

Wakati wa kurudisha, amu zifunge kwa kushikiza tu. Bolti zote za bushi zikazwe gari ikiwa imekaa kwa uzito wake juu ya matairi, iwe kwenye shimo la gereji au juu ya vipandio. Hili nalirudia kila mwaka kwenye ukurasa huu na bado naona gari zinakazwa zikiwa zinaning'inia kwenye jeki. Bushi ya mpira haizunguki ndani, mpira umeganda kwenye chuma pande zote na unajisokota, ukiikaza tairi ikiwa inaning'inia basi ukishusha gari mpira unabaki umesokotwa muda wote, nyuma itakaa juu kidogo upande huo na bushi itachanika mapema. Baada ya hapo wili alaimenti ya matairi manne, sio mawili ya mbele, uombe karatasi ya kabla na baada. Kwa kipimo changu kemba ya kushoto na kulia ikitofautiana zaidi ya nusu digrii siipokei gari.

Na tairi. Kama ile iliyogonga ina uvimbe ubavuni lazima itoke, lakini usinunue moja tu kama zingine zimeshalika. Subaru inataka mzingo wa matairi yote manne usitofautiane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6, ukizidisha kiunganishi cha katikati kinafanya kazi muda wote na kinachemka. Tafuta moja iliyotumika iliyolika sawa na zako, au nunua nne.

SWALI: Sasa boss, mimi niko Nairobi, yangu ni STI ya 2006, yaani ile Impreza WRX ya toleo la nguvu zaidi, nimegonga kerbu pia, nyuma kulia. Jamaa wa Kirinyaga Road ananiuzia upande mzima umetoka kwa gari ya Japani, nako na habu na beringi na amu zote bado zimeshikana, anasema nifunge tu niende. Bei iko sawa kuliko kununua kimoja kimoja. Nichukue? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Wazo zuri kuliko unavyodhani boss, upande mzima uliotoka pamoja unakuepusha na kufungua zile bolti zilizoganda na kupiga beringi kwenye presi. Ila kuna mtego mmoja ambao umewapata wengi. STI kuanzia za 2005 zina nati tano kwenye duara la upana wa milimita 114.3, lakini STI za kabla ya hapo na WRX za kawaida za miaka hiyo ni milimita 100. Kwa macho habu zinafanana kabisa, nati tano kwa nati tano, unafika home unakuta rimu haiingii. Kwa hiyo nenda na rimu yako, ipachike palepale dukani, hakuna aibu.

Cha pili uliza hiyo gari ilikatwa kwa sababu gani. Gari nyingi zinakatwa spea kwa kuwa ziligongwa, usije ukanunua upande uliogongwa ukaufunga kurekebisha upande uliogongwa. Mwambie akutolee na wa pili, uzilaze pande zote mbili chini, linganisha amu kwa urefu. Akikataa kutoa wa pili au akasema aliuuza, mimi ningeondoka. Zungusha habu, sikiliza beringi, tingisha. Rangi iliyobabuka kwenye amu sehemu moja tu, kama mstari wa kupasuka katikati ya amu, ni chuma kilichojikunja kikanyooshwa, rangi haijui kudanganya.

Na bushi za gari ya miaka hiyo zimechoka hata kama gari imetunzwa Japani, panga kuzibadilisha kabla ya kufunga, kazi ni rahisi zikiwa mezani kuliko zikiwa chini ya gari.

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Tuko Mombasa, gari ni WRX wagoni ya 2001, nimeshanunua amu mpya mbili za nyuma ila ile bolti ndefu inayopita kwenye nako haitoki kabisa. Tumeipiga nyundo mpaka kichwa kimekuwa uyoga. Kijana wa gereji anataka kuitia moto. (Baba wa Likoni)

JIBU: Waalaykum salaam mzee wangu. Hiyo bolti ina sifa dunia nzima, Impreza na Forester za zamani zote, inapita kwenye amu ya nyuma, nako na amu ya mbele kwa mkupuo mmoja na inaganda kwenye bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Gari ikiwa imetoka mikoa ya theluji kule Japani kama Hokkaido, ambako barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, alafu ikaja kulala Mombasa na upepo wa bahari, hapo umepata ndoa kamili ya kutu.

Nyundo iacheni, kichwa kikishakuwa uyoga hakipiti tena kwenye tundu. Moto pia siupendi hapo, kuna mpira wa bushi, kuna hosi ya breki, kuna waya wa ABS, na tanki la mafuta haliko mbali. Kwa kuwa amu zako mpya zipo tayari hamna haja ya kuziokoa za zamani, kateni. Chukueni msumeno wa umeme wa kwenda mbele na nyuma au grenda yenye diski nyembamba, ingizeni kwenye ule upenyo mdogo kati ya amu na nako, kateni bolti mbele na nyuma, amu zinatoka zenyewe. Kipande kinachobaki ndani ya nako kitolewe nako ikiwa mezani, kwa presi, sio kwa nyundo chini ya gari, mnaweza kuipasua nako na hapo ndo gharama. Kabla ya kukata fungeni hosi ya breki pembeni kwa waya na muifunike kwa kitambaa chenye maji, cheche za grenda zinaichoma bila kelele. Na mtu asimame na kizima moto, sisemi mzaha.

Bolti mpya kabla ya kuingia ipakeni ile grisi ya shaba ya kuzuia kugandana, sehemu ya kati tu, sio kwenye nyuzi kama kitabu kimetoa kiwango cha kukaza kikavu. Kwa pwani hii grisi ni ya lazima, atakayeifungua baada yako atakuombea dua.

SWALI: Mkuu nakusoma siku zote ila kwenye hili la kunyoosha amu unatuharibia biashara. Mimi fundi Mwanza, tumenyoosha amu za Hiace, za Noah, za Prado, kwa gesi na nyundo, gari zinatembea mpaka leo na wateja hawajalalamika. Mteja hana hela ya amu mpya, unataka alale njaa? (Fundi mwenzio, Mwanza)

JIBU: Fundi mwenzangu heshima kwako, najua kazi ya mtaani na najua mteja anakuja na elfu ishirini anataka kazi ya laki. Ila tuongee kifundi. Amu ya Subaru imetengenezwa kwa bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa kiwandani, haikukusudiwa kupashwa moto hadi iwe nyekundu. Ukiipasha na kuipoza ovyo ule ugumu unabadilika sehemu ile tu, pembeni kugumu katikati kulaini, na ukichukua kijiko ukakikunja ukakinyoosha unajua kitavunjikia wapi. Kama ni aluminiamu ndo usiguse kabisa, hiyo haionyeshi dalili, inakatika.

Umesema wateja hawajalalamika. Mteja wa Noah anaendesha sitini mjini, mteja wa WRX ana turbo na anaingia kona na mia ishirini usiku wa Jumamosi, amu ya nyuma ikiachia hapo tairi inageuka upande na hakuna dereva wa kuikamata. Na usukani haukupi taarifa kabla, amu ya mbele ikilegea unaisikia mkononi, ya nyuma unaisikia ukiwa umeshageukia ulikotoka.

Kuhusu hela nakubaliana na wewe kabisa, ndo maana sikumwambia jamaa wa Tegeta anunue mpya za kwenye boksi. Amu za mtumba za Impreza zipo Gerezani na Ilala, zipo Nairobi, na kwa kuwa amu hizo zinaingiliana na Impreza nyingi za kizazi kile hata zisizo na turbo, sio spea adimu. Mnunulie mteja iliyonyooka ya mtumba, mtoze kazi yako ya kufunga, hela unapata na usingizi unapata. Peleka tu ya zamani ukailinganishe tundu kwa tundu kabla ya kulipa, matoleo ya STI yana tofauti zake.

SWALI: Swali fupi tu. Nina bima kubwa, nimegonga ukingo mwenyewe hakuna gari lingine. Nitalipwa? Na nianze kutengeneza kabla au baada? (Dada wa Dodoma)

JIBU: Dada, bima kubwa kwa kawaida inabeba ajali ya peke yako, bima ndogo ndo haikubebi wewe, inawabeba wengine uliowaumiza au kuwaharibia. Soma mkataba wako kuna kiasi cha kwanza unacholipa mwenyewe, na kwa uharibifu wa amu mbili na rimu inawezekana kiasi hicho kikakaribia gharama yote, fanya hesabu kabla ya kudai usije ukapoteza punguzo lako la mwaka ujao kwa faida ndogo. Ukiamua kudai, toa taarifa polisi na kwa bima haraka, piga picha za ukingo, alama za tairi na gari palepale, na usifungue hata nati moja kabla mkaguzi wao hajaiona. Tena mkaguzi akija mwombe aandike kwenye ripoti kwamba kuna uharibifu unaoweza kuonekana baada ya kufungua, manake wakiandika rimu na amu tu, alafu beringi ikaanza kuvuma mwezi ujao au krosimemba ikakutwa imesogea, utakuwa unabishana na karatasi yenye sahihi yako. Ile karatasi ya alaimenti ya kabla ya matengenezo iambatanishe pia, mlalo wa tairi ukiwa umeandikwa kwa digrii hauna ubishi.